Ushahidi Mrefu wa Mwalimu Wardlaw

Inverleddie, tarehe 4 Machi 1630

Mwanangu Eufemia,

Salamu zangu nazipakia pamoja na chumvi katika merikebu ya nahodha Halkett, nikiomba zikufikie zikiwa kavu. Mimi sijambo. Magoti ndiyo yanayolalamika, hasa ninapopanda kilima cha kanisa, lakini sauti bado ipo, na kila Sabato ni mimi ninayeanzisha zaburi. Nipe nawe habari zako, na za mumeo Gavin, na za mjukuu wangu Lisbet, kama kile kikohozi cha msimu wa baridi kimemwachia. Niambie pia kama mngali mnakula ule mkate mweupe wa huko ng'ambo Veere usio na ladha, au umeshawafundisha watu wa huko kupika uji wa oti kama wanadamu.

Juzi nilipita kwenye nyumba ya marehemu baba yako. Wamiliki wapya wameng'oa ule mti wa tufaha uliokuwa ukipanda ukiwa mdogo, na mahali pake wamerundika makaa. Nilisimama pale hata mbwa wao akachoka kunibwekea.

Sasa nina jambo la kukueleza, na unajua mimi siwezi kueleza jambo bila kuanzia mwanzo.

Wiki tatu zilizopita jina la Mause Rankeillor lilitajwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Huwezi kuwa umemsahau. Ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, na ndiye aliyekupaka siagi na majani mkono wako ulipoungua kwenye tanuri la chumvi, ukapona bila kovu. Sasa mke wa Pryde, yule mpika bia, anasema Mause alipita mlangoni kwake akaomba kikombe, akanyimwa, akaondoka akinung'unika, na tangu siku hiyo ng'ombe wao amekauka maziwa. Ng'ombe mwenyewe ana miaka kumi na minne! Ningekuwa mimi ningekauka zamani.

Watu walicheka. Mchungaji wetu mpya hakucheka. Ni Patrick Aytoun, yule mtoto mwenye masikio makubwa niliyemfundisha Kilatini kabla hajakwenda chuoni St Andrews. Na mwaka jana, kama ulivyosikia, parokia ya jirani waliwanyonga wanawake wawili kwa uchawi na kuichoma miili yao. Kwa hiyo jambo hili si la kucheka tena.

Nilikwenda kwa Mause siku ya pili yake. Ana miaka sabini na minane sasa, lakini bado anachanja kuni mwenyewe.

"Karibu, mwalimu," akasema bila kugeuka. "Umekuja kunikamata au kunywa?"

"Kunywa."

"Basi keti. Wakija watakuta nina mgeni msomi, waone haya."

Nikamwambia nitaandika ushahidi wa kumtetea, nieleze jinsi alivyoniponya nilipokuwa na miaka tisa. Akacheka hata akashika mbavu. "Hilo nalo la kuandika? Si wanakuona unatembea?"

Sijawahi kukusimulia vizuri, mwanangu. Ulikuwa mwaka 1572. Nilikuwa nakonda kila siku, chakula hakikai, hata marehemu mama akaanza kunipimia sanda kwa macho. Mause alikuwa msichana wa miaka ishirini, na ujuzi alirithi kwa bibi yake. Alfajiri alikwenda pale watu wanapovukia mto kwa miguu, ambapo walio hai hupita na majeneza nayo hupita, akateka ndoo ya maji. Sharti lake ni kwamba asiseme neno kwenda wala kurudi, na ndoo isiguse ardhi. Mimi nilikuwa nimelazwa karibu na dirisha, nikamwona akipanda. Wavulana walikuwa wanamfuata, wanamchokoza ili aseme. "Mause, sketi inaungua! Mause, mchumba wako yule kule na mwingine!" Naye anakuja tu, shingo imenyooka, uso mwekundu kwa kicheko alichokibana.

Aliniosha mara tatu, akisema maneno machache ya kale ya Utatu Mtakatifu. Mikono yake ilinuka moshi wa makaa na mnanaa. Jioni ile niliomba uji, na baada ya bakuli la kwanza nikaomba la pili, na mama akajifunika uso kwa aproni yake. Nikifumba macho leo nazisikia bado zile kuni zilizokuwa zikilia jikoni.

Hayo yote nimeyaandika, hatua kwa hatua, kurasa saba. Aytoun ni mtu wa hoja. Akishaona jinsi jambo lenyewe lilivyokwenda, tangu ndoo ilipojazwa hadi tone la mwisho lilipomwagwa, ataona hapana mahali ambapo shetani angeweza kupenya.

Baba yako mkubwa,
Ninian


Veere, tarehe 29 Machi 1630

Baba Mkubwa mpendwa,

Barua yako imenifikia ikinuka samaki, na mimi nikaibusu hivyo hivyo. Tu wazima. Kikohozi cha Lisbet huja na kwenda. Gavin anakusalimu, ofisi ya wafanyabiashara wetu hapa inampa kazi ya kunakili orodha mchana kutwa mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Na uji wa oti napika, lakini jirani yangu alipouonja aliniuliza kama farasi wetu anaumwa.

Niliposoma habari za ule mti wa tufaha nilikaa kitako kwenye ngazi. Ninajiona bado nimepanda pale juu, wewe uko chini na kitabu chako, unanieleza kwa nini tufaha huanguka upande wa jua kabla ya upande wa kivuli, na mimi nakurushia yale mabovu.

Baba Mkubwa, sasa nisikilize kama nilivyokuwa nikikusikiliza, ila bila kurusha matufaha. Usiupeleke ushahidi huo.

Nakujua. Ukiulizwa saa unaeleza jinsi saa inavyotengenezwa. Lakini sheria yetu haiulizi kama mganga alimponya mtu au alimdhuru. Inauliza kama alitumia maneno na vitendo ambavyo Kanisa halikuvifundisha. Hapa Veere wapo mabaharia wetu waliotoka parokia ile ya jirani, wamemsimulia Gavin. Mmoja wa wale wanawake wawili hakushtakiwa kwa kumwua mtu yeyote. Walileta watu aliowaponya, wakawaapisha, wakawauliza aliwaponyaje, basi.

Yule mke wa Pryde ana nini? Ng'ombe mzee na mdomo mrefu. Hilo baraza litaliongelea mwezi mmoja, watamwamuru Mause aombe radhi kanisani, mambo yaishe. Wewe unataka kuwapa kurasa saba za mtu mwenye heshima anayesema kwa kiapo: ndiyo, niliona, alifanya, maneno yenyewe ni haya.

Kama lazima useme kitu, sema hivi: "Nimemjua miaka sitini, ni jirani mwema." Kisha funga mdomo. Najua itakuuma, lakini ufunge.

Mpe Bibi Mause salamu zangu. Mwambie mkono bado hauna kovu, nawaonyesha watu.

Binti yako,
Eufemia


Inverleddie, tarehe 2 Mei 1630

Mwanangu Eufemia,

Natumaini barua hii inawakuta salama, na kwamba majira ya kuchipua yamemfaa mtoto. Mimi mwili haujambo.

Barua yako ilifika tarehe ishirini Aprili. Ushahidi wangu niliupeleka tarehe kumi na moja.

Nitakueleza ilivyokuwa. Walikaa barazani wazee wanane, Aytoun akiwa katikati. Aliusoma yeye mwenyewe kwa sauti, na nakiri, mwanangu, kwamba mwanzoni nilifurahi. Alisoma vizuri. Nilisikia mafunzo yangu katika usomaji wake, anapopumzika na anapoendelea. Alipofika kwenye yale maneno ya Utatu, ambayo niliyaandika yote bila kuacha hata moja, alisita, akamwangalia karani, karani akachovya kalamu.

Hata hapo sikuelewa. Kisha akafika ukurasa wa tano. Kwa ajili ya ukamilifu, nilikuwa nimeandika pia mahali Mause alipoyamwaga maji yaliyobaki baada ya kuniosha. Desturi ni yamwagwe pasipokanyagwa na mtu, maana watu wetu huamini ugonjwa ukishaoshwa umo ndani ya maji, na atakayeyakanyaga atauokota. Niliandika kwamba aliyamwaga nyuma ya zizi la Sibbald, kando ya ukuta. Nilitaka kuonyesha jinsi alivyokuwa mwangalifu.

Andro Sibbald akasimama. Unamkumbuka, yule mzee wa kanisa anayetembea kama amemeza fimbo. Uso ulikuwa umempauka.

"Rudia hapo, Mchungaji."

Aytoun akarudia.

"Zizi hilo lilikuwa la baba yangu," akasema Sibbald. "Dada yangu Grisell alikuwa akicheza nyuma ya ukuta ule. Alikuwa na miaka saba, mimi sita. Alianza kukonda msimu ule ule wa mavuno mwalimu alipopona. Kabla ya theluji tulikuwa tumemzika." Kisha akanigeukia, akaongea nami kama mtoto anayeuliza. "Ninian, wewe hukuliona jeneza lake?"

Sikuliona. Nilikuwa jikoni kwa mama, ninakula uji.

Sibbald si mtu mbaya, Eufemia. Alilia mbele ya wazee wenzake. Alisema kwa miaka hamsini na minane amekuwa akijiuliza kwa nini Grisell, na sasa ameletewa jibu kwa mwandiko mzuri.

Jioni hiyo hiyo walimchukua Mause. Yuko katika jela iliyo chini ya mnara, na mchana na usiku wameweka mtu wa zamu kumgutusha asilale, ili achoke akiri. Karatasi zangu wamezipeleka Edinburgh kuomba kibali cha kumhukumu.

Nilikwenda kwenye kidirisha chake mchana, mlinzi alipokuwa anakula. Nilimwita, akaja polepole, akashika vyuma.

"Uliandika kurasa ngapi?" akaniuliza.

"Saba."

"Mimi nilikuponya kwa maneno kumi na mawili. Wewe kuniua umetumia kurasa saba." Akatikisa kichwa, na utadhani alikuwa ananionea huruma mimi. "Tangu utoto ulikuwa hivyo. Nilikuosha huku unaniuliza maji yametoka wapi."

Nimejaribu kumweleza Aytoun kwamba wamenisoma vibaya. Ananiambia, kwa adabu nyingi, kwamba wamenisoma kama nilivyoandika. Na kweli nilichoandika ni kweli. Sikuongeza hata nukta. Usiku nikilala najiambia hivyo, sijui namwambia nani.

Baba yako mkubwa,
Ninian


Veere, tarehe 21 Mei 1630

Baba Mkubwa,

Tu wazima, nawe uwe mzima, maana ninachokuomba kinahitaji afya.

Sina nafasi ya kulia. Nahodha anaondoka na maji yakijaa. Gavin amemwuliza mwanasheria mmoja wa kwetu anayewahudumia wafanyabiashara hapa. Huyo bwana amesema wakubwa wa Edinburgh hupokea maombi mengi ya vibali, na wanayatafuta yale yenye shahidi mmoja imara. Kwa Mause shahidi huyo ni wewe. Zaidi yako kuna ng'ombe tu. Shahidi akijikana mwenyewe kwa kiapo, mbele ya watu, kabla kibali hakijatoka, karatasi zako hazina thamani ya kufungia samaki.

Kwa hiyo nenda ukaseme ulidanganya.

Najua ninamwambia nani. Najua watoto wangapi uliwachapa kwa uongo, nami nikiwamo. Najua hutaweza tena kusimama kuanzisha zaburi, na vitoto vitakuchekelea njiani. Na ninajua utataka kueleza. Usieleze. Walikuamini uliposema ukweli mrefu. Sasa sema uongo mfupi.

Kila nikioga nauona mkono wangu, Baba Mkubwa. Nenda.

Binti yako,
Eufemia


Veere, tarehe 30 Julai 1630

Baba Mkubwa,

Natumaini u mzima. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Halkett amefika, na kabla yake alifika yule wa Kirkcaldy, na kila mara nakwenda gatini nikiwa na Lisbet mkononi, narudi naye tu.

Nahodha anasema alikuona kwa mbali, umevaa kitu kama gunia, akageuza uso asikuaibishe. Zaidi ya hapo hajui, alikuwa anapakia.

Niandikie hata mstari mmoja. Kama ni mabaya, niandikie mabaya.

Binti yako,
Eufemia


Inverleddie, tarehe 19 Agosti 1630

Mwanangu Eufemia,

Nisamehe kimya changu. Nilizuiwa kutuma karatasi yoyote hadi adhabu yangu imalizike, nayo imemalizika Sabato iliyopita. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya sakafu ya kanisa imenipanda kiunoni.

Nilikwenda tarehe kumi na tatu Juni. Nilikuwa nimekaa na barua yako siku tano. Sitakuficha, siku nne za mwanzo nilizitumia kutafuta namna ya kulisema jambo hilo bila kuwa limesemwa. Nimewafundisha watoto kwa miaka arobaini kwamba neno la mtu ndiyo mali pekee isiyoibika. Siku ya tano nilimsikia mlinzi wa zamu pale mnarani akipiga sufuria kumgutusha Mause. Nikavaa kofia.

Kanisa lilijaa. Mause walimleta wakamweka kwenye benchi upande wa kaskazini. Alikuwa mdogo sana. Niliapa, nikasema kurasa zile saba nilizitunga. Nikasema yale maneno niliyatoa katika kitabu cha sala za wafuasi wa Papa nilichokwisha kukichoma, na kwamba nilitaka baraza lione elimu yangu. Hilo la mwisho halikunipa taabu kulisema.

Aytoun alibadilika rangi, hadi yale masikio. "Mwalimu," akasema taratibu, "wewe ulinichapa viboko sita kwa uongo wa tufaha moja."

"Nilikuchapa. Sasa ni zamu yangu."

"Ulipokuwa na miaka tisa, uliugua?"

"Sikuugua."

"Hata siku moja?"

"Mafua."

Watu wakacheka, na mimi nikadhani yamekwisha. Lakini Aytoun ni mwanafunzi wangu, na nilimfundisha kutoliacha swali katikati.

"Basi Mause Rankeillor ana ujuzi wa kuponya au hana?"

Hilo sikujiandaa nalo. Nilitazama upande wa kaskazini, jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Alikuwa amenikazia macho. Nyuma yake kulikuwa na watu ambao yeye ndiye aliyewatoa matumboni mwa mama zao, benchi baada ya benchi.

"Hana," nikasema. "Ni mwanamke mzee anayechemsha majani. Hajui kitu. Hajawahi kumponya mtu."

Alifungua kinywa. Mlinzi akamwinamia upesi, akidhani anataka kukiri. Nilimwona akilileta neno hadi mlangoni mwa meno, kisha akalimeza. Kichwa akakiinamisha, na hakukiinua tena.

Watu walipokuwa wanatoka Sibbald alinisubiri uani. Alikuwa na kofia mkononi. "Kwa hiyo Grisell wangu alikufa kwa nini?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Katika yote niliyosema siku ile, hilo lilikuwa la kweli.

Walinipa Sabato tisa katika kiti cha toba, nimevaa gunia, miguu mitupu. Watoto niliowafundisha walikuwa wananichungulia katikati ya vidole vyao wakati wa sala. Zaburi sasa anaanzisha mtoto wa Pryde, na anazianzia juu mno, hata akina mama wakifika mstari wa tatu wanakohoa. Aytoun alinionya faraghani, na alikuwa karibu kulia, kwamba nikigeuka tena, kwa mdomo au kwa maandishi, si kiti cha toba tena. Nitapelekwa Edinburgh kwa kiapo cha uongo, na nyumba na uhuru wangu vitakwenda.

Edinburgh walikataa kibali. Baraza, lisije likaonekana lilikosea kabisa, limemfukuza Mause parokiani kwa kosa la kumnung'unikia mke wa Pryde. Amepewa siku kumi. Hana mtu, kwa hiyo nimempeleka kwako bila kukuuliza. Yumo ndani ya merikebu hii hii inayoleta barua. Nilisimama gatini kumuaga. Nilimwambia, "Dada Mause, safari njema." Akamwuliza nahodha kama ndani kuna mahali pa kukaa.

Nilibaki pale mpaka tanga lilipopotea. Nilikuwa naukumbuka ule uso mwekundu wa kicheko, akipanda na ndoo, na wavulana nyuma yake, ambao wote sasa wamekufa, nikabaki mimi niliyekuwa nakufa.

Nieleze anavyoendelea. Nieleze yote.

Baba yako mkubwa,
Ninian


Veere, tarehe 2 Oktoba 1630

Baba Mkubwa wangu,

Pokea salamu zetu na shukrani ambazo sijui kuziandika. Gavin ni mzima, mimi ni mzima. Bibi Mause alifika salama. Alishuka na kifurushi kidogo, akanishika mkono wa kushoto, akausukuma mkono wa gauni juu, akautazama, akaguna, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Umeniambia nikueleze yote.

Anakaa karibu na moto. Anashona vizuri kuliko mimi. Chakula anakigusa tu. Mwanzo nilidhani ni ugeni, au bahari, au zile wiki za kunyimwa usingizi. Ninamsimulia mambo ya nyumbani, kichaka cha mnanaa nyuma ya kisima, wanawake wakiimba tanurini wakati wa kuvuna chumvi, siku uliyoanguka mtoni na begi la vitabu. Anasikiliza. Nikitaja jina lako anatia uzi kwenye sindano.

Wiki iliyopita Lisbet alizidiwa. Kikohozi kilimbana hadi midomo ikawa ya buluu. Nilimbeba nikampeleka kwa Bibi Mause, nikampigia magoti.

"Bibi, msaidie. Hapa hakuna Aytoun, hakuna baraza. Hapa hakuna anayejua."

Hakuinua mikono mapajani. "Mimi nimsaidie na nini?" akasema. "Mimi ni mwanamke mzee anayechemsha majani. Mwalimu ameapa."

"Alisema vile akuokoe!"

"Najua, mwanangu. Nina masikio. Nilijua tangu alipoingia na kofia yake." Alikuwa ananitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Lakini yalisemwa mbele ya watu wote niliowazalisha, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka akasema sivyo. Wote pamoja hawawezi kusahau. Labda ni mimi niliyeota. Labda yule mtoto alikuwa na mafua tu. Tangu hapo nikiinyoosha mikono hii naiona ni mikono tu."

Gavin alikimbia kumwita mwuza dawa. Lisbet amepata nafuu, ingawa bado ni dhaifu na kifua kinapiga filimbi. Bibi Mause alikaa pale siku mbili akimtazama, mikono imefungana, na mimi sijawahi kuona mtu akiteseka namna ile kwa kutofanya kitu.

Baba Mkubwa, ulitoa heshima yako kumwokoa, na uliyemwokoa yuko hapa anapungua kila siku mbele ya macho yangu. Mimi nimemwambia kwamba aliniponya mkono. Anasema nilikuwa mtoto, vidonda vya watoto hujifunga. Si mimi anayetaka kumsikia.

Mwandikie. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye. Nitamsomea neno kwa neno. Najua ulivyoonywa kuhusu maandishi, na sikulaumu ukikataa. Nitamwambia merikebu hazijaja.

Binti yako,
Eufemia


Inverleddie, tarehe 5 Novemba 1630

Dada Mause,

Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nakufa. Uliniponya.

Nimeyaandika haya kwa mkono wangu, na jina langu kamili liko chini. Karatasi ni yako. Mwonyeshe umtakaye.

Nyoosha mikono, umtazame mtoto.

Mdogo wako,
Ninian Wardlaw, mwalimu